Nilipotolewa Kizazi Nikiwa Macho

Watu wakisikia kwamba nilipasuliwa tumbo nikiwa macho, huniangalia miguu kwanza. Wanataka kuona kama nachechemea. Kisha huuliza, wengi wao kwa sauti ya chini, "Na ile sindano ya mgongo, ni kweli inalemaza?" Nimelijibu swali hilo dukani kwangu, nimelijibu msibani, nimelijibu kwenye benchi la kliniki nikiwa nimekaa na watu nisiowajua. Sasa nimeona niandike yote kama nilivyoyapita, ili mwenzangu aliyeambiwa wiki hii kwamba atachomwa sindano hiyo apate pa kushika.

Naitwa Zuhura. Naishi Mikumi na kazi yangu ni kushona nguo. Mume wangu, Rashidi, ni fundi wa matairi ya malori kando ya barabara kuu. Tuna mtoto mmoja, Rehema, ambaye wakati ule alikuwa sekondari, anakaa bweni. Baada yake mimba mbili ziliharibika, na baada ya hizo hazikuja tena. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, hakuwahi kunisimanga kwa jambo hilo. Ila kila akimaliza swala aliomba kwa sauti ya kusikika, "Mola, mpe Rashidi wa kumzika." Mimi nilikuwa jikoni, nasikia, naendelea kukoroga.

Ugonjwa wenyewe haukuanza kama ugonjwa. Siku zangu zilirefuka. Kwanza kidogo, nikasema ni umri. Kisha zikawa zinakaribiana hadi ile nafasi ya katikati ikapotea. Mahindi yalipofika palizi nilikuwa nakaa kwenye cherehani juu ya kanga iliyokunjwa mara nne, na mteja akiingia namuomba radhi kwa kutosimama. Nilikuwa naogopa kusimama. Nikaanza kutamani udongo. Nilinunua ule wa kutafuna, nikawa naweka kipande shavuni kama peremende. Mama mkwe alinikuta siku moja nautafuna, akaliangalia tumbo langu, ambalo kweli lilikuwa limejaa, na uso wake ukafunguka. Jioni ile alinipikia ndizi kwa nazi, akanipa mimi kwanza, kabla ya mwanawe.

Nilikula ile ndizi yote. Siku ya pili yake nikamwambia, "Mama, siyo mimba. Ni damu tu inanitoka." Akanyanyua sahani akaenda kuiosha.

Masika yalipokolea nikaanguka dukani. Nakumbuka nilikuwa napima shingo ya gauni la mtoto, kisha nakumbuka sakafu. Hospitali ya hapa Mikumi wakanitundikia maji, wakanipa barua ya kwenda Kilosa kwa daktari wa upasuaji. Ilibidi tungoje maana mvua zilikuwa zimeiharibu njia inayopita kijiji cha Ulaya, magari yanalala njiani. Nilipofika Kilosa nilikuwa na wifi yangu Mwajuma, mdogo wake Rashidi, mwanamke mwenye maneno mengi ambaye safari nzima hakunena neno. Nikapigwa picha ya tumbo. Daktari, kijana mpole, alizungumza akiniangalia usoni.

"Mama, una vimbe nyingi kwenye kizazi. Moja ni kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikisema nizitoe moja moja nikuachie kizazi, utamwaga damu usiyokuwa nayo. Ushauri wangu tukitoe."

"Leo?"

"Leo siwezi kukugusa. Damu yako iko chini mno. Nenda kaijaze, kisha tukupangie."

Mwajuma ndiye aliyelia. Mimi niliuliza choo kiko wapi.

Rashidi nilimwambia palepale kijiweni kwake, amechuchumaa kwenye ringi ya lori. Aliacha kupiga nyundo. "Hakuna njia nyingine?" Nikasema wameniambia hakuna iliyo salama. Akachukua kitambaa cha kufutia nyundo, akaifuta upande mmoja akaigeuza akaifuta wa pili. "Haya," akasema. Basi. Neno hilo nililala nalo miezi. Kila nikiligeuza lilikuwa na maana nyingine, na katika zote hakuna hata moja iliyonipendeza.

Kipindi kile cha kujaza damu ndicho kirefu kuliko vyote. Nilikunywa vidonge vya chuma vilivyofanya choo kuwa cheusi kama lami. Nilikula maini, mchicha, maharage, nikalishwa na kila mtu. Mama mkwe akaagiza mizizi kwa ndugu yake wa Lumuma. Niliinywa kwa heshima mara mbili, damu ikazidi kunitoka, nikaacha. Nilipewa vidonge vya kuipunguza, ikapungua. Mwajuma na Rashidi walikwenda kutoa damu ya kuweka akiba kwa ajili yangu. Mwajuma alirudi anajisifu kama ametoka vitani. Rashidi alirudi akaenda kazini.

Nilichoogopa wakati huo hakikuwa kisu. Mama yangu mzazi anaishi Rudewa, kwenye nyumba aliyoachiwa na babu, ambaye alikuja pale enzi za mkonge na hakurudi kwao. Nilipokwenda kumwambia, alipokea vizuri kuliko nilivyotarajia.

"Kizazi watoe, mwanangu. Kimeshafanya kazi yake. Lakini mgongo usiwape."

"Mgongo upi, mama?"

"Watakuchoma sindano ya mgongo. Mama Chiku huyu hapa jirani, si alichomwa alipozaa kwa kisu? Leo ndoo ya maji anabebewa. Waambie wakupe nusu kaputi, ulale fofofo, ukiamka yameisha."

Mama Chiku mwenyewe aliitwa aje athibitishe. Akaja ameshika kiuno, akanionyesha mahali kwa kidole gumba. Nikatazama pale mahali. Nilirudi Mikumi nikiwa naona cherehani yangu ya miguu imefunikwa kitambaa, na mimi nimekaa pembeni kwenye mkeka naangalia wengine wakipita. Hiyo ndiyo picha iliyokuwa ikinijia. Si kifo, miguu.

Nikalazwa Kilosa kiangazi, mahindi yakiwa yanapukuchuliwa. Wodi ilikuwa na akina mama wa kila namna, na dirisha lenye kiti kimoja ambacho kila aliyeweza kutembea alikigombea. Mama alitoka Rudewa, Mwajuma nilikuja naye. Alasiri ya kabla ya upasuaji alikuja mama wa makamo amevaa nguo za kijani za chumba cha upasuaji. Wenzangu wakaniambia huyo ndiye wa usingizi, Sista Pendo.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mama. Habari ya tumbo?" Akavuta kiti cha dirishani bila kuulizwa na mtu. Aliniuliza kama nina pumu, kama kuna dawa inayonidhuru, kama nina jino linalocheza, kama niliwahi kuumia mgongo. Kisha akasema, "Kesho nitakuchoma dawa ya ganzi mgongoni. Kuanzia hapa kwenye kifua kushuka chini hutasikia maumivu. Utakuwa macho."

"Naomba nilale," nikasema. "Naomba hiyo ya kulala."

"Kwa nini?"

Nikamwambia habari za Mama Chiku. Mama yangu alikuwa pale, akaongezea na yale niliyoyasahau. Sista Pendo hakucheka wala hakukasirika. Aliniomba nigeuke, akaweka kidole mgongoni mwangu kupitia gauni.

"Uti wa mgongo wenyewe unaishia hapa. Mimi nitapita huku chini yake, ambako kuna maji na mishipa inayoelea. Sindano ni nyembamba, na ikishatoka haibaki na kitu. Dawa inaisha yenyewe baada ya saa chache na miguu inarudi. Pale ilipopita panaweza kuuma siku kadhaa. Wachache huumwa kichwa wakiinuka, na hiyo tunaitibu. Madhara ya kudumu yapo, siwezi kukuficha, lakini ni nadra sana. Na hiyo ya kulala nayo ina hatari zake, hasa kwa mtu ambaye damu yake ndiyo kwanza imepanda. Nikipima zote mbili, kwako wewe nachagua hii."

"Na Mama Chiku?" mama yangu akauliza.

"Sijampima, mama, kwa hiyo siwezi kumsemea. Ana watoto wangapi?"

"Saba."

"Na analima?"

"Analima."

Sista Pendo akaitikia kwa kichwa, akaishia hapo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akadakia kwamba dada yake alijifungua Dar es Salaam akawekewa mrija mgongoni, akawa anazungumza na simu huku uchungu umemshika. Je, ni hiyo hiyo?

"Hizo ni ndugu," Sista Pendo akamjibu. "Kwa ile, mrija mwembamba unaachwa nje ya mfuko wa yale maji, dawa inaongezwa kidogo kidogo kadiri maumivu yanavyokuja. Inafaa kwa uchungu wa kuzaa, na inataka mtu wa kukaa nayo muda wote. Hii ya kesho ni dozi moja. Inashika haraka, inakatika yenyewe."

Nilielewa kila neno. Lakini sikusikia nafuu wala hofu. Nadhani ganzi ilikuwa imeshaniingia kabla ya sindano, nami sikulijua jina lake.

Asubuhi nikaoga, nikaachwa na njaa. Alitangulizwa mama mjamzito aliyeletwa na mtoto amekaa vibaya, kwa hiyo nikangoja hadi jua likawa juu. Rashidi alisema atakuja, hakuwa amefika. Mama alinivua hereni zangu mwenyewe, akazifunga kwenye ncha ya kanga yake, kama nilipokuwa mtoto.

Chumba cha upasuaji kina baridi kali, ulijue hilo. Nilikalishwa ukingoni mwa kitanda, miguu kwenye kijukwaa, nikapewa mto niukumbatie. "Inama kama unafua kwenye beseni," Sista Pendo akasema nyuma yangu. "Mgongo utoke nje. Mabega yalegee." Muuguzi mmoja akasimama mbele yangu akanishika mabega. Nikapakwa kitu cha baridi, mara mbili. Kikaja kichomo kidogo cha kutia ngozi ganzi, kinachouma kama siafu. Kisha sikuumia tena. Niliona tu msukumo, mtu anabonyeza kwa nguvu ndani kabisa. Mguu wa kulia ukashtuka kama umeguswa na umeme.

"Mguu," nikasema.

"Upi?"

"Wa kulia."

"Vizuri umesema. Usisogee." Akarekebisha. Ndiyo maana nawaambia wenzangu, ukisikia kitu sema kwa mdomo, usiruke. Mara joto likanishuka mapajani kama mtoto aliyejikojolea, nikaona aibu, kumbe ilikuwa dawa. Wakanilaza haraka.

Alikuwa na pamba yenye spiriti. Akaigusisha begani. "Baridi?" Nikasema baridi. Akaigusisha tumboni. "Hapa?" Nikamwambia naona kitu kinagusa, lakini siyo baridi. Akaniambia niinue mguu. Niliuinua, akilini. Nikatazama: mguu ulikuwa umelala palepale. Nikajaribu tena kwa hasira. Ulikuwa mguu mzuri tu, wenye kovu la utotoni, na ulikuwa wa mtu mwingine.

Kisha kifua kikawa kizito, moyo ukanichafuka, chumba kikawa kinakwenda mbali. "Sipumui," nikasema.

"Unapumua, ndiyo maana unasema. Presha yako imeshuka kidogo, naipandisha." Alikuwa ameshika mkono wangu huku mkono wake mwingine uko kwenye mrija wa maji. "Nitajie mtoto wako anaitwa nani."

"Rehema."

"Anasoma nini Rehema?" Tukazungumza habari za Rehema hadi chumba kikarudi mahali pake.

Walitundika kitambaa mbele ya uso wangu. Nyuma yake kazi ikaanza. Hakukuwa na maumivu hata kidogo, nasema hivi kwa kiapo. Kulikuwa na kuvutwa. Ni kama mtu anatafuta kitu chini kabisa ya gunia, anasukuma vilivyo juu pembeni, na gunia ni wewe. Daktari alikuwa akiomba vifaa kwa sauti ile ile aliyonisemesha nayo, na katikati ya hayo walizungumzia kisima cha mtu fulani kilichotoa maji ya chumvi. Niliwasikiliza. Nilitaka kujua walifanyaje na hicho kisima.

Kisha nikasikia kitu kikiwekwa kwenye beseni. Kilikuwa kizito na chenye maji. Mazungumzo ya kisima yakakatika kidogo.

"Ni hicho?" nikamuuliza Sista Pendo.

"Ndicho."

Rehema alikaa humo. Na wale wawili walikaa humo kwa muda wao. Nilingoja nilie, nikaona hapa ndipo mtu analia. Nikatazama taa. Kilio hakikuja. Nilichokisikia ni meno yangu yanagongana kwa kutetemeka, na Sista Pendo akanifunika mabega kwa shuka, akasema kutetemeka huko huwapata wengi na kutaisha.

Niliporudishwa wodini niliweka mkono kwenye paja langu. Mkono ulisikia paja. Paja halikusikia mkono. Ilikuwa kama kugusa nyama buchani. Mama alikuwa ameshakaa upande wa miguu, anabana kidole kimoja baada ya kingine.

"Unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Sisikii, mama."

Akaanza upya na kidole kidogo. Mwajuma alimwambia amwache mgonjwa apumzike, mama akamtazama kwa jicho ambalo lilimrudisha Mwajuma dirishani.

Rashidi aliingia saa ya kuona wagonjwa, viatu vyekundu kwa vumbi. Alimsalimia mama yangu, "Shikamoo, mama," akasimama miguuni mwa kitanda. "Wamemaliza?" akaniuliza. Nikasema wamemaliza. Aliweka chini chupa ya maziwa aliyokuja nayo. Kisha akainama akaushika mguu wangu kwa mikono miwili. Nilijua kwa sababu niliona. Niliyaona yale mavidole yake yenye weusi wa mpira yakinikaza kisigino, na kwangu hakikufika chochote. Akaurudisha mguu polepole kama mtu anayerudisha yai, akasema gari la kurudi linaondoka mapema. Nikafikiri, basi, huyu ameshaniaga.

Jua lilipoanza kushuka kidole gumba cha kushoto kikacheza. Mama alikiona kabla yangu. "Kirudie," akasema. Nikakirudia. "Alhamdulillahi." Akajikalia sakafuni, miguu mbele, akafunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Miguu ilirudi kwa mafungu: kwanza sisimizi, kisha joto, kisha uzito, kisha nikaweza kukunja goti. Nyuma yake yakaja maumivu ya kidonda. Usijifanye shujaa hapo. Omba dawa yanapoanza, usingoje yawe makubwa.

Kichwa kilinishika nilipoanza kukalishwa. Nikiinuka tu, mtu anagongelea msumari kisogoni, nikilala, anaacha. Mama akasema nilikuambia, nilikuambia. Sista Pendo akaja akanieleza kwamba ni kile kitundu cha sindano, yale maji yanavuja kidogo, kitajifunga. Nikalazwa, nikanyweshwa maji na chai ya rangi kwa wingi, nikapewa vidonge. Siku zikapita kadhaa, asubuhi moja nikakaa kitako na msumari haukuja. Mgongo uliuma pale pale kwa muda kama jipu lililokauka, ukaacha.

Nilipotoka nilipelekwa kwa mama, Rudewa, kwa kuwa ndiko karibu na kliniki. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Asubuhi ng'ombe wa wafugaji walipita nyuma ya nyumba, vumbi likaingia hadi kwenye uji. Nilikatazwa kuinua ndoo, kufagia, kuchutama. Tumbo lilikuwa tupu na laini, lina mstari mmoja mweusi. Tarehe zangu zilipofika nilitoa vitambaa vyangu kwa mazoea, nikaviweka tayari kitandani. Hakikutoka kitu. Jioni nikavikunja.

Nilikuwa nimepona, kila mtu alisema hivyo. Lakini Rehema alipofunga shule akaja, alinikumbatia akanililia shingoni, nami nilikuwa nimemshika vile nilivyoushika ule mto wa hospitali. Rashidi alipiga simu kila jioni. "Umekula?" Nimekula. "Kidonda?" Kinaendelea vizuri. Mwajuma akanifikia siku moja kutoka Mikumi, akazunguka sana maneno kabla ya kusema.

"Wifi, sitaki uje ulisikie kwa watu. Mama anamtajia kaka msichana wa Dumila. Mtoto wa rafiki yake."

"Kaka yako anasemaje?"

"Kaka unamjua. Hasemi."

Nikamuuliza kama ametoka na njaa. Alinitazama sana. Baadaye, peke yangu, nilijaribu kujibana kwenye hilo jambo kama mama alivyokuwa akinibana vidole. Msichana wa Dumila. Sisikii. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikalisema kliniki, daktari alipomaliza kukagua kidonda. Nilimwambia sina maumivu ila sihisi kitu, silii, sicheki. Hakulipuuza. Aliniambia huwapata wanawake wengi baada ya kutolewa kizazi, kwamba ni msiba na msiba una njia zake, nisikae nalo peke yangu, na likizidi nirudi, kuna wa kuzungumza naye. Nalisema hapa kwa sababu habari za miguu tuliambiwa wote, lakini hili jingine sikuambiwa na mtu hadi nilipouliza. Uulize. Na ukichomwa sindano ile, muombe ndugu akae upande wa miguu. Si kwa sababu haitarudi. Ni kwa sababu kungoja peke yako ni vibaya.

Nilirudi Mikumi mvua za vuli zilipoanza kudondoka. Nikakaa kwenye cherehani, nikakanyaga, ikaenda. Nilianza na kazi ndogo, kupunguza suruali, kubadilisha zipu. Mama mkwe alinipokea kwa adabu. Tulisalimiana, tulipika kwa zamu, hakuna aliyetaja Dumila. Rashidi alikuwa vile vile, anatoka na giza, anarudi ananuka mpira, anauliza kidonda.

Basi ilikuwa Ijumaa, mchana, watu wametoka msikitini. Nilikuwa jikoni uani nimebandika wali. Rashidi na mama yake walikuwa wamekaa barazani upande wa pili wa ukuta, na ukuta ule ni wa tofali moja. Mama mkwe aliongea muda mrefu. Alisema yeye hana ugomvi na mimi, mimi ni mwanawe, lakini umri wa Rashidi unakwenda, na wale watu wa Dumila hawawezi kungoja milele. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilingoja "haya" yake.

"Mama," Rashidi akasema. "Siku ile ya Kilosa nilishika mguu wake."

Nikausogelea ukuta.

"Ulikuwa baridi. Nimeubana kwa nguvu, hakushtuka. Ananiangalia tu. Nikatoka pale nje, nikakaa nyuma ya ile wodi hadi gari likaniacha. Nilimwomba Mungu anirudishie mke wangu anayetembea. Sikuomba kingine chochote, mama, na wala sikukumbuka kwamba kuna kingine. Amenirudishia. Leo nitarudi kwa Mungu yule yule nimwambie hajanitosheleza?"

Sikusikia mama mkwe alijibu nini, kama alijibu. Nilikuwa nimeteleza na ukuta hadi chini, mwiko mkononi. Kilianzia tumboni, pale pale palipo mstari, kikapanda kwa nguvu hadi nikashika kidonda kwa kiganja nikidhani kimefumuka. Nililia ile ndizi kwa nazi. Nililia wale wawili. Nililia beseni. Nilikuwa natoa sauti ambayo sikuijua, na iliuma, kila kitu kiliuma, hadi vidole vya miguu, na sikutaka kiache.

Nilipokuja kuinuka, jikoni kulikuwa moshi mtupu. Nikaepua, nikapakua palipopakulika. Tulikaa sote watatu kwenye mkeka mmoja. Macho yangu yalikuwa yamevimba na wali ulikuwa mweusi kwa chini, unanuka moshi hadi ndani ya punje. Mama mkwe alichukua tonge la kwanza, akalitafuna taratibu hadi likaisha. Kisha akavuta mbele yake ule upande ulioungua zaidi, akanisogezea mimi mweupe.